Nafsi ya Kwanza

Siku ya sita tangu achomwe sindano, Mama Pindo alikata kola tatu za shati moja. Alizipanga mezani, akazitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumbani kwake akafunguliwa na mgeni, kisha akazifagilia kwenye kapu la vipande na kuketi. Zilikuwa zimebaki siku nane. Hospitali walimwambia wiki mbili, Jumatano hadi Jumatano: wamechukua kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe wa ziwa la kushoto, kinakwenda maabara, arudi kusikia majibu. "Usiwe na wasiwasi, mama," alisema mhudumu wa mapokezi akimkabidhi kadi. Mama Pindo alikuwa na miaka hamsini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakukumbuka kuambiwa maneno hayo pasipokuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi.

Uvimbe wenyewe aliukuta bafuni, asubuhi ya kawaida, sabuni mkononi. Mdogo, mgumu, kama kifungo cha shati. Tangu hapo kidole chake kilikuwa kikienda pale chenyewe, mara ishirini kwa siku, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango.

Kitana kiligonga ukuta mara tatu.

"Wifi! Umekufa?"

"Bado."

"Basi mbona cherehani imenyamaza? Bila kelele zako wateja wangu wanasikia ninavyowasengenya."

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na saluni, na msusi wake alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Pindo. Miaka tisa tangu kaka mtu azikwe, wifi hao wawili walikuwa wamepanga vyumba viwili vinavyopakana, mmoja akishona na mwingine akisuka, wakitukanana kwa upendo kupitia matofali. Haikupita dakika msusi akawa mlangoni, kitana kimechomekwa kichwani kwake mwenyewe.

"Huo mkono vipi? Unaubeba kama wa kuazima."

"Niliulalia vibaya."

"Tangu wiki iliyopita? Huo ni usingizi au kifungo?"

"Rudi kwa mteja wako, wifi. Utamwacha na nusu kichwa."

"Nusu aliyonayo inamtosha," alisema msusi, lakini hakucheka. Alisimama kidogo, akaitazama plasta iliyochungulia kwapani chini ya blauzi, au labda hakuitazama. Akaondoka.

Mama Pindo alikuwa na sababu zake za kunyamaza. Katika hospitali ileile, miaka tisa nyuma, kaka yake alipokuwa akikata roho, wifi yake alilia kwenye benchi la korido siku tatu mfululizo hata wauguzi wakamzoea. Hakutaka kumrudisha kwenye benchi lile. Na binti yake wa pekee alikuwa mbali, chuo cha ualimu, katikati ya mitihani ya mwisho. Kila jioni binti alipiga simu. "Mama, u mzima?" "Mzima kabisa, mwanangu. Usijali, soma." Mama Pindo alilisema hilo "usijali" kwa sauti nyepesi sana, kisha akikata simu alikaa akiishika mpaka kioo kikazimika.

Ila alizoea kuwa na mahali pa kuyapeleka mambo kama haya, na mahali hapo palikuwa pamefungwa.

Kushona na kusali alijifunza mwaka mmoja, kwa mtu mmoja. Alikuwa na miaka kumi na minne, na shangazi aliyemfundisha alikuwa mwanamke asiyeweza kukaa kimya kwa Mungu wala kwa watu. Shangazi alishona pindo kwa mkono, hata mashine ilipokuwa pale imekaa bure, kwa sababu, alisema, mashine haimjui mwenye nguo. Alipokuwa akishona alimtaja huyo mwenye nguo, polepole, mshono kwa mshono: aende salama, arudi salama, mguu wake usipotee. Mama Pindo aliirithi kazi hiyo pamoja na sindano. Wateja walimpa jina lake kwa sababu ya mapindo yale yasiyofumuka, wala hawakujua kwamba kila mmoja wao amewahi kuombewa kuzunguka miguu yake. Hata yule bwana aliyemtukana kwa sababu ya zipu aliombewa, ingawa kwa mishono mirefu.

Sasa alishika pindo, akafungua kinywa, akasema "Bwana," na baada ya hapo hapakuwa na neno. Palikuja mambo mengine kukaa kwenye nafasi hiyo. Kama ndiyo yenyewe, je? Na mkono usipoinuka tena? Na binti akirudi akanikuta sina nywele? Mishono ilikuwa sawasawa, lakini ilikuwa mishono tu. Miaka mingi alikuwa ameketi na wagonjwa na wafiwa akiwaambia Mungu yupo. Sasa alijiona kama mtu aliyekuwa akiwaelekeza wenzake kwenye nyumba ambayo mwenyewe hakuwahi kuingia.

Katika siku hizohizo Mwalimu alimletea kazi ya kanisa.

Mwalimu alikuwa katibu wa ushirika, mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita na hakuwa amemaliza. Mtu akisoma matangazo Jumapili, Mwalimu alikohoa mara moja kwa kila kosa la upatanisho wa kisarufi, na kwaya nzima ilihesabu kwa vidole. Aliingia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Fundi, mimbari mpya imefika. Tunataka kitambaa cha kuning'inia mbele. Zambarau, herufi nyeupe za kubandika. Maneno ni mawili. Nimeyaandika kwa herufi kubwa ili yasilete ubishi."

Aliikunjua karatasi. MNGOJEE BWANA.

"Ni kwa lini?"

"Jumapili hii. Najua mafundi mna Jumapili zenu, lakini hii nasema ya kalenda."

Mama Pindo alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaibandika karatasi ukutani kwa pini.

Ijumaa alasiri alikata herufi. Alikuwa amepima vizuri: herufi kumi na mbili, saba juu, tano chini, nafasi ya vidole viwili katikati. Nje, watoto walikuwa wakitoka shule. Walipita dirishani kwa makundi, na nyuma ya kundi la mwisho msichana mdogo alikuwa akikimbia na kiatu kimoja mkononi, akimlilia dada yake aliyekwisha kupinda kona. "Dada! Ningojee! Dadaaa, ningojee!" Simu ilitetemeka mezani. Mama Pindo alishtuka hata mkasi ukamponyoka. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu unaomkaribisha kwenye mchezo wa bahati nasibu. Aliokota mkasi, akaendelea kukata bila kutazama ukutani. Maneno mawili nayo mtu atayasahau?

Jumamosi, alipozipanga herufi juu ya kitambaa, mstari wa juu haukutosha. Alilaumu chaki. Akalaumu utepe wa kupimia, akaulinganisha na rula, akakuta utepe hauna hatia. Basi akazisogeza herufi, akapunguza nafasi ya vidole viwili ikawa kimoja na nusu, akazishona kwa mshono mdogo wa kuzunguka. Alipiga pasi upande wa nyuma, akakunja, akapeleka kwa mtunza kanisa bila kukunjua tena. Zilikuwa zimebaki siku nne, na kichwani mwake hapakuwa na hesabu nyingine.

Jumapili aliketi karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kukimbia asichokijua. Kanisa lilijaa. Kitambaa kilining'inia mbele ya mimbari, zambarau yake imekaa vizuri, pindo limenyooka, na yeye aliona hilo pindo tu. Nyimbo ziliimbwa. Msusi, ambaye alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya na hakuficha jambo hilo, alipaa juu ya wenzake. Kisha Mwalimu akasogea kusoma matangazo.

Alikohoa.

Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Mwalimu aliivuta miwani mpaka kwenye ncha ya pua, akainama mbele ya mimbari, akakohoa tena.

"Fundi yupo?"

"Nipo, Mwalimu," Mama Pindo alisema, akisimama nusu.

"Fundi," Mwalimu alisema kwa huzuni ya kweli, "umekosea nafsi."

Kulikuwa na kimya cha watu wanaosoma. Kisha mama mmoja wa viti vya mbele akasoma kwa sauti: "Ningojee Bwana." Akageuka kwa jirani yake, akidhani ananong'ona: "Yaani Bwana ndiye amngojee yeye! Mafundi hawa, hata Mungu wanamwambia njoo kesho!"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Hata mchungaji alificha uso nyuma ya karatasi zake. Haikuwa dhihaka. Karibu kila mtu mle ndani alikuwa amewahi kuambiwa na Mama Pindo arudi kesho, na kesho hiyo ikawa Alhamisi.

Yeye alikuwa bado amesimama nusu, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele. Mwalimu alikuwa akieleza, maana asingeweza kuacha: ilipaswa kuwa nafsi ya tatu, *m*, yeye, Bwana, fundi ameweka nafsi ya kwanza, *ni*, mimi. Mama Pindo alisikia lile neno moja tu likirudi na kurudi. Nafsi. Nafsi. Aliyatazama maandishi yake mwenyewe, zile herufi nane zilizobanana. Siku kumi na moja alikuwa akitafuta la kusema baada ya "Bwana," na kumbe mikono yake ililiweka kabla yake.

"Nitaifumua," alisema, au alitaka kusema. Ilitoka sauti nyingine, ya mtu aliyekanyagwa. Kicheko kilikatika. Aliuchukua mkoba wake, akapita mlango wa pembeni.

Chumba cha nyuma kilikuwa na viti vilivyovunjika miguu, ngoma moja, na majoho ya kwaya yaliyotundikwa kwenye misumari. Aliketi juu ya sanduku. Msusi alimkuta hapo, bado amevaa joho, akihema.

"Wifi, ni herufi tu! Mimi niliwahi kumsuka bibi harusi mistari ikaelekea pande mbili, na ndoa ipo mpaka leo."

"Si herufi."

"Ni nini basi?"

Mama Pindo aliushika mkono wa wifi yake, akauongoza, akauweka ubavuni, juu ya plasta. Akamwambia. Alimwambia yote kwa sentensi fupi, kama anayesoma vipimo vya mtu: lini, wapi, ukubwa gani, majibu lini.

Msusi hakulia. Alikasirika.

"Siku kumi na moja! Ukuta mmoja kati yetu, nakugongea kila asubuhi, unaniambia umelalia vibaya? Mimi ni wifi yako au ni mpangaji?"

"Sikutaka ukae tena kwenye lile benchi."

"Nani alikwambia mimi nimewahi kutoka kwenye lile benchi?" alisema msusi, na hapo ndipo sauti ikamvunjika, akaketi chini sakafuni na joho lake, akalaza kichwa kwenye magoti ya wifi yake.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kimekunjwa mkononi. Ibada ilikuwa ikiendelea nyuma yake. Hawakujua amesikia kiasi gani, lakini miwani aliivua.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilisahihisha mbele za watu. Hata darasani sikufanya hivyo."

"Lete, Mwalimu, niifumue. Una wembe?"

Mwalimu hakukitoa kitambaa. Alikikunjua, akakitazama kwa umbali wa mkono.

"Nimeikagua sentensi hii. Haina kosa. Mtu wa nafsi ya kwanza anamwomba mtu wa nafsi ya pili amngojee. Ilikosa alama ya mkato tu."

"Mwalimu," msusi alisema kutoka sakafuni, "leo acha sarufi."

"Sina kingine, binti yangu." Aligeuzageuza miwani. "Mke wangu alipoumwa nilimwombea miezi minne, kwa Kiswahili sanifu. Kila sala na mwanzo wake, kati yake na mwisho wake. Sidhani kama nilimwambia Mungu kitu. Niliogopa kukosea." Akageukia majoho. "Hivi herufi zako zimenisumbua. Ndiyo maana nilikohoa mara mbili."

Upande wa pili wa ukuta kanisa lilikuwa limeanza wimbo, chini kidogo ya ufunguo wake, kwa kuwa sauti ya kwanza haikuwepo. Mama Pindo alifumba macho. Hakupanga. Alisema kwa sauti ileile ambayo angeitumia kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha pembeni:

"Bwana, naogopa. Naogopa sana, siwezi hata kutembea vizuri. Usinitangulie mbali. Mtoto wangu... Na huyu wifi yangu... Nishike. Basi."

Ilikuwa sala mbovu. Haikuwa na mpangilio, wala hakukumbuka kusema amina. Mwalimu hakukohoa. Aliinamisha kichwa, na baada ya muda alisema yeye ile amina, kwa sauti ya kukwaruza, akatoka. Mlango ulipofunguka walimwona akienda moja kwa moja mpaka mbele, mbele ya watu wote, akikitundika kitambaa mahali pake na kukinyoosha kwa viganja. Mchungaji aliyasoma maneno yale, akayasoma tena, akaendelea na ibada.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba tangu hapo hofu ilimwacha. Haikumwacha. Jumatatu asubuhi ilikuwa imeketi kitandani ikimsubiri afumbue macho. Jumanne ilimkausha kinywa hata hakumaliza chai. Kidole kilienda kwenye kifungo kile mara ishirini, labda ishirini na tano. Tofauti ilikuwa ndogo, ya aina ambayo mtu wa nje asingeiona: hofu ilipokuja, alikuwa na wa kumwambia kuwa imekuja. "Imefika tena," alisema akiwa ameinamia cherehani, na mguu ukaendelea kukanyaga. Jumanne alasiri alishona pindo la sketi ya mwanafunzi, na mshono wa tatu au wa nne alijikuta anamtaja yule mtoto. Aende salama. Arudi salama. Alisimama, akashangaa, akaendelea haraka kabla haijakatika. Ukutani kitana kiligonga kila baada ya saa moja. Hakikuuliza kitu. Naye aligonga kwa mkasi.

Jumatano walikwenda wote wawili. Msusi alikuwa amefunga saluni na kuandika mlangoni kwa chaki: NIMEENDA NA WIFI. Korido ilikuwa imepakwa rangi upya, lakini benchi lilikuwa lilelile, na wote wawili walilijua bila kuambizana. Waliketi. Waliitwa watu saba kabla yao. Kila mlango ulipofunguka, Mama Pindo alizitazama nyuso zinazotoka, akijaribu kusoma, kisha akaona si adabu, akatazama sakafu. Msusi alianza kusengenya wigi la mhudumu kwa sauti ya chini, akashindwa kumaliza.

"Unasali?" alimwuliza.

"Nahesabu vigae."

"Vingapi?"

"Sijui. Narudia palepale."

Jina lake likaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya polepole, na aliifungua bahasha mbele yao, si kabla. Alisoma. Akaiweka karatasi mezani, akaigeuza iwatazame, ingawa hawakuweza kuisoma.

"Mama, ni saratani," alisema. "Nakwambia wazi kwa sababu nataka unisikilize na haya mengine. Ni ndogo. Umekuja mapema. Hatujaona dalili kwamba imetoka hapo ilipo. Tutaiondoa kwa upasuaji Jumatatu, kisha kutakuwa na dawa, miezi kadhaa, na haitakuwa miezi myepesi. Lakini hii ni ya kutibika. Umenielewa?"

Msusi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mama Pindo alisikia neno la kwanza, na likapiga kengele masikioni hata mengine yakafika kwa kuchelewa, moja moja, kama watu wanaoingia ibadani baada ya wimbo. Ndogo. Mapema. Ya kutibika. Alingoja yafike yote.

"Mkono huu," alisema. "Nashonea. Utainuka?"

"Utainuka. Tutakufundisha mazoezi. Hutakimbia nao mwanzoni, lakini utainuka."

"Basi niandike Jumatatu."

Nje, msusi aliketi kwenye benchi na kulia kwa dakika nzima, bila kelele, kisha akapenga kamasi na kutangaza kwamba nywele zikianza kutoka atamnyoa yeye mwenyewe, si kinyozi mwingine yeyote, na atamfanya awe na kichwa kizuri kuliko cha mchungaji. Mama Pindo alisema kichwa cha mchungaji si cha kushindania. Walicheka vibaya, pua zimeziba, mpaka mhudumu akawatazama.

Kisha Mama Pindo alitoa simu. Kidole kilisita juu ya jina la binti yake. Sauti ile nyepesi ilikuwa tayari kooni, imeshavaa, inangoja kutoka: mzima kabisa, mwanangu, usijali. Aliimeza.

"Mama! Nilikuwa nataka kukupigia."

"Mwanangu. Mtihani vipi?"

"Mama, mitihani iliisha jana. Nilikwambia. Umesahau?" Binti alitega sikio. "Mama, uko wapi? Nasikia watu wanaitwa majina."

"Niko hospitali. Niko na shangazi yako." Alivuta pumzi. "Wamenikuta na saratani ya ziwa. Ni ndogo, wanasema itatibika. Jumatatu wananipasua. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unasoma, na kwa sababu niliogopa. Bado naogopa." Aliendelea, na maneno haya, katika miaka yote tangu amzae, hakuwahi kumwambia: "Nakuhitaji. Njoo."

Alisikia kitu kikianguka sakafuni, kabati likifunguliwa, hanga zikigongana, na pumzi ya binti yake ikienda huku na huku chumbani, karibu na simu na mbali na simu.

"Nakuja," binti alisema. "Mama, usikate. Nakunja nguo. Endelea kuongea, niambie alivyosema daktari, tangu mwanzo."

Mama Pindo alisogea kwenye benchi kumpa nafasi mgonjwa aliyekuja kuketi, akaanza kumweleza, tangu mwanzo.